Vita vya Maulida na Kompyuta Iliyokana Nusu ya Kumbukumbu Yake

Tegeni masikio, enyi watu wa Mirongo, nanyi mlio ng'ambo ya ziwa wekeni nyavu chini, mpate habari za Maulida binti Abubakary, mhariri wa video za harusi, mfyekaji wa hotuba ndefu, na siku aliyopigana na kompyuta iliyokana mali yake yenyewe.

Asubuhi ile alikuwa ameitia kijiti cha pili cha ramu, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ili jibii nane ziwe kumi na sita. Alipoiwasha, kioo kikatangaza nane, bila haya wala kigugumizi; na video ya harusi ya Modesta ikagoma katikati, bwana harusi mguu mmoja juu. Naye Bibi Kashindye, bibi yake Modesta, ambaye goti bovu lilimnyima harusi hiyo, alikuwa ametoka Bujora kuja kuitazama, na gari la kurudi lilikuwa la alasiri.

"Nivumilie, bibi," Maulida alisihi. "Mashine imesahau nusu ya kumbukumbu."

"Mume wangu naye alikuwa hivyo," bibi akajibu. "Akikumbuka ng'ombe, kasahau watoto."

Ndipo Pius, mwenzake mpiga picha, aliposimama, mkono kifuani. "Dada Maulida! Kijiti hiki ni kibovu tangu kuzaliwa. Tukirudishe dukani, tusalimu amri kwa heshima!"

"Thubutu!" akanguruma Maulida, ingawa moyoni alihofu kwamba ndivyo ilivyo. "Nisalimu amri kwa kitu kisichozidi kidole? Lete bisibisi!"

Akaizima, akachomoa waya wa umeme, akaufungua ubavu wake kama afunguaye lango la ngome, na majeshi ya vumbi yakamvamia puani, akapiga chafya iliyomtikisa hata Pius. Akakichomeka kijiti kipya peke yake katika tundu la kwanza, akawasha. Kikatambuliwa papo hapo! Basi hakikuwa kibovu. Msaliti alikuwa tundu la pili.

Akaizima tena, akamulika kwa simu. Mle ndani, imejikunyata, iling'aa chembe ya pambo la harusi, mojawapo ya zile zirushwazo juu ya maharusi. Akaufuata mswaki mkavu, akaisugua chembe ile hadi ikatoka, kisha akavikandamiza vijiti vyote viwili mpaka vibanio vikalia ta! ta!

Kioo kikasoma kumi na sita.

"Tumeshinda!" alishangilia Pius, yule yule wa kusalimu amri.

Bwana harusi akashusha mguu wake, ngoma ikaendelea. Bibi Kashindye akasogeza kiti, akatazama, akajifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Kucheza hajui," akasema hatimaye. "Lakini tazama anavyomwangalia mjukuu wangu." Akamgeukia Maulida, akamshukuru kwa Kisukuma: "Wabeja, mwanangu. Wabeja sana."

Basi vizazi vijavyo vikiuliza ni nani aliyeirudishia kompyuta ya Mirongo akili zake, viambieni bila kupunguza neno: ni Maulida binti Abubakary, kwa mswaki.