Kikomo cha Kumbukumbu Chazinduliwa Hospitalini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali, ambaye ametuma udhuru, Mheshimiwa Makamu wake, ambaye hakutuma udhuru lakini hayupo, Ndugu Mganga Mkuu, waheshimiwa wakuu wa idara, kwa kufuata ngazi zenu, daktari bingwa wa upasuaji, ambaye naona ana haraka, mkunga mkuu, wauguzi, makarani wa masjala, wagonjwa mlioketi na mliokosa pa kuketi, nawe mama uliye kwenye benchi la mbele na binti yako mapajani, ambaye hukuwamo katika ratiba lakini umefika: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya meza kuu.)

Awali ya yote, naomba radhi kwa ukimya wetu mrefu. Tangu mashine ya zamani ilipozimwa, ofisi yangu, yaani Ofisi ya Mkurugenzi Msaidizi wa Mifumo, haikutoa tangazo, haikujibu barua wala haikupokea simu, na wapo waliodiriki kusema kwamba tumelala. Hatukulala. Tulikuwa kwenye wekshopu. (Kicheko upande wa wauguzi.)

Nianze na chimbuko la mchakato huu. Mashine ya zamani, iliyotunza mafaili ya wagonjwa wote wa hospitali hii, ilikuwa na tabia ya kuzimika kila madirisha yote ya masjala yalipofunguliwa kwa pamoja. Mtaalamu tuliyemwalika alitufahamisha kwamba mashine haikuwa na ubovu wowote na kumbukumbu yake ilitosha, ila programu ya kutunzia mafaili ilikuwa imewekewa kikomo kidogo mno cha kumbukumbu ya pamoja, mithili ya mtu mwenye nyumba ya vyumba kumi anayelazimishwa kupika, kulala na kupokea wageni sebuleni. Kumbukumbu ya pamoja, waheshimiwa, ni ile sehemu ambayo masjala, maabara, famasia na wodi huitumia kwa wakati mmoja, bila mmoja wao kuimiliki. Mtaalamu akapendekeza tupandishe kikomo, tuwashe upya, tuendelee na kazi. (Mkunga mkuu: "Sasa si mngepandisha tu!") Mkunga mkuu, subira. Hospitali haiendeshwi kama jiko la mtu.

Ofisi yangu iliona hatari kubwa katika pendekezo lile. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Itakuwaje idara kumi na moja katika kumbukumbu moja isiyo na mwenyewe? Tukaunda kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, kamati ndogo ikaandaa stratejia, na baada ya majadiliano ya kina yaliyohitaji chai mara nyingi, tukafikia mgao wa kumbukumbu ya pamoja kwa kuzingatia vyeo, kama tunavyogawa magari, viti na maegesho.

Mgao ni huu. Ofisi ya Mkurugenzi, asilimia arobaini. (Makofi.) Ieleweke kwamba ofisi hiyo haina kompyuta, lakini cheo hakisubiri kompyuta. Utawala, thelathini. Uhasibu, ishirini na tano, baada ya kununa. Ofisi yangu, kwa unyenyekevu, ishirini. Maabara, kumi. Masjala, famasia na wodi zote, ambako ndiko mafaili yanakofunguliwa, tano, mtagawana kindugu. Ukijumlisha unapata asilimia mia moja na thelathini, yaani tumevuka lengo. (Mhasibu anahesabu kwa vidole, kisha anaacha.)

Mtaalamu alipouona mgao huu alidai kwamba mashine itakataa kuwaka, kwa sababu programu itaomba kumbukumbu kuliko iliyopo. Tulimjibu kwa upole kwamba mashine haina mamlaka ya kukataa waraka uliogongwa muhuri. Akafunga begi lake. Tunamtakia safari njema.

(Mama wa benchi la mbele anasimama na binti yake begani. "Mheshimiwa, samahani baba, hayo ya asilimia mimi siyajui. Mwanangu anapasuliwa leo. Mara ya kwanza alipopasuliwa hapa hapa, dawa ya usingizi ilimkataa, nusura nimpoteze. Jina la dawa mliliandika kwenye kompyuta, mimi hamkunipa. Daktari anasema hamgusi mpaka alijue.")

(Daktari: "Kweli kabisa. Dawa za usingizi ninazo tatu, na mojawapo ndiyo hiyo. Sibahatishi na mtoto wa mtu.")

Ahsante mama kwa swali zuri, linaloonyesha kuwa elimu yetu kwa umma imeanza kuzaa matunda. Binti yako ni mdau, na taarifa zake ziko salama kuliko wakati mwingine wowote katika historia ya hospitali hii. Zimo kwenye diski tuliyoichomoa kwenye mashine ya zamani, diski imo kwenye sefu, na sefu imefungwa. Hakuna mwizi, mdukuzi wala daktari anayeweza kuzisoma. (Daktari: "Bosi, mimi ndiye ninayetakiwa kuzisoma!") Ndiyo maana nimekutaja, daktari.

(Mkunga mkuu: "Basi iwasheni ile ya zamani, hata kwa nusu saa, tumtafutie mtoto jina la dawa!" Sauti za kuunga mkono.)

Mashine ya zamani ilipigwa mnada, mkunga mkuu, na aliyeinunua alitaka bati lake tu. Kamati ilishauri kwamba si heshima mashine ya zamani ikabaki jengoni ikikishuhudia kikomo kipya. (Mkunga mkuu: "Yarabi!") Ahsante kwa dua.

Naomba tutazame mbele. Chumba cha seva, yaani mashine mpya itakayoisoma diski hiyo, kimekamilika kwa viwango vya juu. Kina kiyoyozi kisichozimwa usiku na mchana, zulia, walinzi wanaopokezana, na pazia la rangi moja na lile la Ofisi ya Mkurugenzi. Mimi mwenyewe nimejinyoosha humo baada ya chakula cha mchana, mara kadhaa, kwa madhumuni ya kuupima ubaridi, na nathibitisha kwamba unafaa. (Mlinzi anapiga saluti.) Katika awamu ijayo, faili la mgonjwa litafunguka kabla mgonjwa hajaugua, na katika awamu ya tatu, naahidi, hata Ofisi ya Mkurugenzi itapata kompyuta. (Makofi marefu ya meza kuu.)

Tusimame sote kwa kaulimbiu yetu. Nikisema "kumbukumbu", mtaitikia "kwa ngazi". Kumbukumbu! (Meza kuu: "Kwa ngazi!") Sijasikia huko nyuma. Kumbukumbu! (Mzee mmoja mwenye bandeji kichwani: "Tunayo, ndiyo maana tunawakumbuka!" Kicheko kikubwa.) Ahsante mzee wangu, nawe tutakukumbuka.

Kwa kumalizia, nawashukuru wajumbe wote wa kamati kwa uzalendo wao. Namshukuru kwa namna ya pekee fundi wa mapambo, aliyeniuliza asubuhi autie wapi utepe, nikamwelekeza autie mlangoni, kwa kuwa ndani ya chumba hamna kitu cha kufungia. Seva haijanunuliwa. Haijaagizwa pia, wala haijaombwa. Kamati ilipewa hadidu za rejea za kugawa kumbukumbu, haikupewa za kutafuta mashine yenye kumbukumbu hiyo, nasi tunajivunia kwamba hatukuvuka mipaka yetu. Suala la kuwapo au kutokuwapo kwa seva limewasilishwa kwenye Bodi, itakayokutana akidi ikitimia. (Kiyoyozi kinasikika kutoka ng'ambo ya ukuta.)

(Mama: "Kwa hiyo mwanangu?")

Mama, upasuaji wa binti yako haujafutwa. Umeahirishwa, na kiutawala tofauti hiyo ni kubwa sana. (Daktari anatoka bila kuaga. Binti, ambaye hajatia kitu kinywani tangu jana kwa ajili ya upasuaji: "Mama, basi naweza kula sasa?")

Anaweza kula, mama. Hilo halihitaji kikao. Nami nakuahidi mbele ya hadhara hii kwamba Bodi ikishaamua, nitakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Tafadhali mwachie karani anwani yako unapotoka, maana ile tuliyokuwa nayo imo kwenye diski.