Goti Lililosahau Lilipo

Televisheni ya nyumba ya jasho, ile sauna ya Kikorea ya mtaani, ilishasema na kumaliza, lakini Daktari ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Jina lake hasa ni Pilsun. Udaktari kaupata kwa kutokosa kipindi cha afya hata kimoja.

"Mmesikia? Ukiligandisha goti, mishipa ya damu inasinyaa na maumivu yanalala. Lakini goti nalo linasahau lilipo! Unaliambia inuka, lenyewe halijui limekunjwa au limenyooka."

"Goti limeanza lini kuwa na akili?" akauliza Okbun, aliyejilaza sakafuni penye joto, taulo kichwani, akilikanda lake la kulia. "Hili langu lingekuwa na akili lisingeniuma leo."

Leo, maana mchana huu alikuwa na kazi na Malsun, yule wanayemwita Redio. Kila sikukuu ya mavuno ikikaribia, jengo la juu, la akina Okbun, na jengo la chini, la akina Redio, hushindana kupiga danadana za jegi, kile kidude chenye manyoya ya karatasi kinachorushwa kwa mguu. Anayeshindwa huchuchumaa siku nzima akiwakaangia watu wote jeon, zile chapati za mboga. Kwa goti lile, Okbun aliona heri azikwe.

"Dada yangu, usimsikilize huyo," Redio akasema kwa sauti ya asali. "Ingia chumba cha barafu. Ukae. Ukae sana."

"Malsun, umeanza lini kunihurumia?"

"Leo asubuhi."

"Anakumaliza huyo!" Daktari akafoka.

"Basi namsindikiza mwenyewe, msije mkasema nina roho mbaya."

Wakaingia. Kila Okbun alipotaka kutoka, Redio alimfungulia kisa kingine cha mkwewe.

Walipotoka, Okbun alikuwa meno nje. "Haliumi! Haliumi hata chembe! Leteni jegi."

Akarusha, akapiga. Mguu ukaenda mji wa Busan, jegi likabaki mji wa Incheon, likatua kwenye supu ya mwani ya Daktari.

Redio akacheka mpaka taulo likamdondoka. "Kikaango kinakuita, mama! Tazama wenzio wanavyopiga."

Akaliopoa jegi, akalikung'uta, akarusha. Akapiga upepo. Akapiga upepo tena. Mara hii akajipiga kifundo cha mguu.

"Hee! Goti langu liko wapi?"

"Si ulikuja kulisindikiza langu?" Okbun akajibu. "Yatakuwa yameondoka pamoja."

Nje, mwenyekiti wa wazee akapaza sauti: "Jengo la juu! Jengo la chini! Tunaanza!"

Mahasimu wakatazamana. Kisha wote wawili wakageuka taratibu, wakamtazama Daktari, aliyekuwa akinuna juu ya bakuli lake.

"Daktari," Redio akaanza, "wewe una goti linalojua lilipo?"

"Ninayo mawili!" Daktari akajibu kwa maringo.

"Basi jeon utakaanga wewe," Okbun akasema. "Sisi tumetoka sare, na ushahidi wa magoti ya kuchuchumalia umetoa mwenyewe."

Daktari akaruka juu, akakata kona kwenye rafu ya viatu, akatokomea mlangoni. Na kweli, magoti yake hayakukosea hata hatua moja.