Jogoo wa Nchi Mbili

Wananchi wa Malaba walitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna kiumbe kitakachoruhusiwa kuishi bila jina rasmi. Kamati ya Kuainisha Viumbe vya Mpakani ilikuwa imeundwa, na mwenyekiti wake, Bwana Boaz Wandera, alikuwa amefunga na kuomba. Adamu aliwapa wanyama majina bila kamati wala kikao, na kila mtu anajua mambo yaliharibika mapema kiasi gani.

Kila kiumbe kilipewa majina mawili, kama wafanyavyo wataalamu: la ukoo na la tabia. Mbuzi aliyelala katikati ya barabara akawa Mbuzi Zuialori. Kisha akaletwa jogoo wa mama Aguti, ambaye mchana alidonoa mtama Uganda na usiku alilala Kenya.

Boaz aliwaza mpaka jasho likamtoka. Akaamua: kiumbe chochote kinachokula katika nchi moja na kulala katika nchi nyingine ni cha aina mpya, Mvukampaka. Sampuli moja ifungiwe kizimbani, iwakilishe wenzake wote.

"Mzee, huyo ni kuku," Aguti alisema. "Wakwe wa binti yangu Brigid wanafika saa kumi. Niwapikie nini, sukuma wiki?"

"Mama, sayansi haina wakwe."

"Ndiyo maana haijaoa."

Boaz alimsamehe, kwa kuwa mama huyo hakusoma, akaenda kula. Aliporudi akijipangusa midomo, Ekisa, askari wa kamati, alimzuia langoni.

"Boss, umekula wapi?"

"Ng'ambo, Uganda. Samaki na matoke."

"Na unalala wapi?"

"Si kwangu Amukura, huku Kenya? Unapajua."

"Basi songa kizimbani, boss. Polepole, usimkanyage mwenzako."

Boaz alitaka kukasirika, lakini alipoipima hoja aliona haina kasoro hata moja. Kweli, aliona fahari kidogo. Akainama, akaingia. Jogoo akasogea kumpisha.

Aguti alikuja akasimama kwenye waya. "Mzee, kamati inataka sampuli ngapi za aina hii?"

Boaz alikuwa mtu wa kanuni. "Moja tu, mama."

Aguti akamtazama jogoo, akamtazama mwenyekiti.

"Ekisa, fungua. Nachukua mmoja."

Ekisa aliwapima wote wawili kwa macho, bila upendeleo. "Yupi, mama?"

"Yule atakayeiva kabla ya saa kumi."