Nilivyomkana Mwalimu Mwende Mbele ya Mgeni wa Nairobi

Wenzangu wa chuo, leo nimejiaibisha mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu. Nawaandikia kabla hamjasikia kwa mwingine, maana kutoka hapa Kasikeu mpaka huko Migwani mliko, barua huchukua wiki lakini umbea hufika kesho.

Mnajua nafundisha jiografia kidato cha nne. Wanafunzi arobaini, vitabu viwili, na kimoja hakina jalada. Mtihani uko wiki tatu mbele. Sura ya tisa, ile ya mmomonyoko wa udongo, hutoka kila mwaka. Watoto hawa huchimba matuta shambani na mama zao kila Jumamosi, lakini mtihani hauulizi jembe. Unauliza majina na michoro. Wasipoisoma sura hiyo, wamekwisha, na mimi pamoja nao.

Dawa ilikuwa kuichapa kwenye stensili, zile karatasi za nta, na kuirudufu kwa mashine ya shule. Ila ukurasa wa mbele wa kitabu unasema ni marufuku kunakili sehemu yoyote bila idhini ya wachapishaji. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Kioko, ni mzee wa kanisa. Aliusoma mstari huo mara mbili kwa sauti ya mimbarani, akaniagiza niandike Nairobi kuomba ruhusa, na nisiiguse mashine mpaka jibu lije.

Nikaandika. Nikangoja. Mwezi wa kwanza, kimya. Mwezi wa pili, kimya. Wiki iliyopita Bwana Kioko akaenda mkutanoni, nami nikaigusa mashine. (Niliigusa mara arobaini, pande zote mbili za karatasi.)

Tangu siku hiyo sijapata amani. Karani wa posta akinisalimia, najiuliza amefungua barua gani. Mwalimu wa hesabu aliona wino kidoleni mwangu akauliza ni nini. Nikamwambia nilikuwa nakula zambarau. (Hakuna zambarau huku mwezi huu, na yeye anajua.) Nikaanza kumshuku hata yeye. Mtu anaulizia kidole cha mwenzake kwa sababu gani?

Basi leo, saa nne kasorobo, gari jeupe likaingia likasimama karibu na mlingoti wa bendera. Akashuka mwanamume. Suti. Miwani nyeusi. Mkoba wa ngozi wenye kufuli! Mnajua jinsi siku hizi mtu wa namna hiyo akifika shuleni hakuna anayeimba nyimbo za kumkaribisha: huwa amekuja kumshika mtu. Nami nilikuwa nakatiza uwanja, peke yangu, na boksi la chaki.

"Habari yako, madam. Namtafuta Mwalimu Mwende wa jiografia."

Hakuulizia mvua. Hakuulizia mavuno, wala watu wa nyumbani. Mgeni gani hapa Ukambani huanza na jina lako, tena na somo lako? Hapo nikajua nimeshikwa.

"Mwende alihamishwa Makindu," nikasema. Ulimi ulikuwa umeshatoka, akili ikabaki nyuma inatafuta viatu.

Akaniuliza alihamishwa lini. Nikasema juzi. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ni Mwalimu Kavata. (Kavata ni shangazi yangu. Anauza mbuzi.) Akaandika jambo kwenye kijitabu. Nikamwonyesha ofisi ya mwalimu mkuu ilipo, kisha nikaondoka kwa mwendo wa kawaida mpaka nilipokata kona. Baada ya kona nilikimbia.

Darasani nikazikusanya karatasi zote. Nikazihesabu: arobaini kamili. Wanafunzi wakauliza kulikoni, nikawaambia sura ya tisa imeondolewa kwenye mtihani. (Mungu anisamehe.) Nikachukua na stensili zenyewe, nikapeleka kila kitu jikoni kwa mpishi wetu, Mzee Nzioka, aliyekuwa akikoroga muthokoi wa mchana, mahindi ya kukoboa na maharagwe. Nikamwambia achome zote, sasa hivi, na asimwambie mtu. Akachukua karatasi moja, akaipapasa kwa vidole viwili, akasema ni karatasi mzuri sana. Nikamjibu ni nzuri, aichome. Siku nzima nimemshuku kila kiumbe isipokuwa huyu mmoja.

Halafu nikajifungia chooni. Nilikaa humo kama nusu saa, mpaka nikasikia naitwa.

Bwana Kioko alikuwa amemwandalia mgeni chai. "Mwalimu Mwende," akasema, "huyu bwana ametoka Nairobi kwa ajili yako."

Mgeni akavua miwani. "Huyu si Mwalimu Kavata? Ndiye aliyeniambia Mwende alihamishwa Makindu."

"Makindu?" akasema Bwana Kioko. "Alihamishwa na nani?"

Nikasema ni kizunguzungu, sikunywa chai asubuhi. Sasa mgeni naye akaanza kunishuku. Akamwuliza Bwana Kioko kama ana hakika kwamba mimi ndiye Mwende.

Akafungua mkoba. Nikangojea pingu. Akatoa barua yangu mwenyewe, ile ya kuomba ruhusa.

Kumbe katoka kwa wachapishaji! Barua yangu ilikuwa imesahaulika kwenye droo ya mtu aliyekuwa likizoni, na kwa kuwa mgeni huyu alikuwa anazungukia shule za barabara ya Mombasa, akaonelea aniletee jibu kwa mkono. Ruhusa ilikuwa tayari, imepigwa chapa: nakala arobaini, bila malipo. Alichotaka ni kuona nakala moja ya mfano, ahakikishe jina la kitabu na la mwandishi yamo, aiweke kwenye faili, kisha atie sahihi na mhuri. Bila mfano, ningengoja mpaka muhula ujao atakaporudi. Muhula ujao mtihani utakuwa umeshafanywa.

"Nawajua walimu," akasema kwa upole. "Mnachapa kwanza, mnaomba baadaye. Mimi sikuja kumshika mtu."

Bwana Kioko akanyoosha tai. Akasema labda shule nyingine, si hapa. Hapa Mwalimu hajaigusa mashine. "Sivyo, Mwalimu?"

Nikawafikiria wale arobaini. Nikaona aibu hata kabla sijafungua mdomo.

"Niliigusa," nikasema.

Nikakimbia jikoni. Moto ulikuwa unawaka kwa furaha. Mzee Nzioka akaniambia stensili zilitangulia. "Ile kitu iko na nta, Mwalimu. Ilishika moto sawasawa." Na karatasi je? Akatazama paa. Akatazama sufuria. Mwishowe akasogeza gunia la mahindi, na nyuma yake nikaona kazi ya mikono yake: sura ya tisa, imekatwa kwa kisu cha nyama vipande vya mraba, imekunjwa vifuko vidogo vidogo. Ugoro! Shule ya kanisa, tumbaku marufuku, na mpishi ana duka nyuma ya gunia.

"Mwalimu, karatasi laini hivi, kuchoma ni dhambi," akaniambia.

Nikatafuta nzima hata moja. Ilikuwepo moja tu, amefungia fungu kubwa. Akajaribu kuishikilia, eti hiyo ni ya mkubwa fulani, imeshaagizwa. Nikamnyang'anya, nikakung'uta, nikakimbia.

Mgeni akaifungua, akaisogeza karibu na uso asome maandishi madogo ya chini. Akapiga chafya. Akapiga ya pili. Nilihesabu saba, na kwa ile ya tano miwani ilimtoka mfukoni ikaanguka kwenye chai. Bwana Kioko akaichukua karatasi ile, akaiinamisha kwa pembe moja, akagonga mara mbili kwa kidole, na ugoro wote uliobaki ukateremkia kiganjani mwake bila kumwagika hata chembe. Hakupiga chafya hata moja. (Sikuona kitu, wenzangu. Nina mshahara wa kulinda.)

Mgeni akafuta machozi. Jina la kitabu lilikuwemo, la mwandishi lilikuwemo. Akasifu michoro yangu ya matuta. Akatia sahihi, akapiga mhuri, akanipa mkono, akasema, "Asante sana, Mwalimu Kavata." Akaitia karatasi kwenye mkoba, akafunga kufuli, akaondoka zake.

Bwana Kioko hakunikaripia. Alikuwa mpole kuliko nilivyowahi kumwona, mkono wake mmoja umebaki mfukoni. Akasema kwa kuwa sasa mambo ni halali, nikawagawie wanafunzi nakala zao.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ruhusa ninayo, ina mhuri. Stensili zimepika muthokoi, na shule haina nyingine. Nakala thelathini na tisa zimekatwa, zinangoja kunuswa sokoni, na ile ya arobaini iko njiani kuelekea Nairobi.

Kwa hiyo mwenye stensili za akiba shuleni kwake anitumie kwanza. Akishatuma, acheke.