Kadi ya Video na Dada Yako

Kibanda cha Video,
Bwera.

Kwa Fundi Baker,
Kasese.

Shemeji mheshimiwa,

Asalaam aleykum. Huku hatujambo, isipokuwa kompyuta. Nakuandikia kwa adabu yote niliyobakiwa nayo kuhusu kadi ya video uliyoniuzia, ukaapa kwamba itaifanya kompyuta yangu kuukuu ikimbie kama lori tupu linaloteremka kwenda Kikorongo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Picha huanza vizuri, halafu filamu ikinoga inazubaa. Wajua kazi yangu ni kuwatafsiria watu filamu kwa mdomo, kipaza sauti mkononi. Sasa sauti inatangulia, picha inafuata ikipenda. Juzi nilimlilia shujaa hadi machozi, naye kwenye skrini bado anakunywa chai. Mama Feresita, auzaye samaki wa Hamukungu mlangoni pangu, akasema mbele ya watu wote: "Latif, huyu mutu iko muzima, na weye umeisha kumuzika." Watu walicheka. Mimi niliumia.

2. Nimejaribu kila tiba. Nimeizima na kuiwasha. Nimebadilisha soketi. Nimefuta programu zote nisizozielewa, nazo zilikuwa nyingi. Wakala mmoja wa forodha pale Mpondwe, asiyekosa ushauri kwa jambo lolote, aliniambia niigonge ubavuni, nikaigonga. Wewe kwenye simu ulisema tu niangalie feni. Niliiangalia. Ipo.

3. Wateja wanahamia kwa Tonny ng'ambo ya barabara, mtu asiyeweza kutafsiri hata kikohozi. Wakiisha wote, nitabaki na kipaza sauti bila wa kumsemesha.

4. Hapa nalazimika kuingia katika mambo ya familia. Kadi nimeipokea kutoka mikononi mwako. Dada yako Sharifah pia, maana wewe ndiye uliyekuwa walii wake siku ya nikahi. Ikiwa umenidanganya katika kidogo, nitakuaminije katika kikubwa? Nimemchunguza na dalili ni zilezile: asubuhi ana kasi, jioni nikiagiza chai haifiki. Juu ya hayo ana maneno. Kila akipita karibu na kompyuta anasema ina joto, eti inahema. Nimemweleza kwamba mashine si mbuzi.

5. Kwa hiyo, heri nusu shari kuliko shari kamili: namrudisha Sharifah kwako, kwa heshima zote, mpaka picha itembee. Fundi mwaminifu hakatai kurudishiwa alichokitoa. Ukileta kadi nzima, nitampokea bila kinyongo.

Nisalimie mama mkwe, watoto, majirani, na hata wale wateja wako ambao bado hawajagundua.

Ni mimi shemeji yako katika undugu na katika hasara,

Latif

Tanbihi: Shemeji, usilete kadi. Nilimpa Sharifah barua hii kwa kuwa ndiye atakayeibeba, naye akaisoma yote. Kisha akaifungua kompyuta na kuibandua nailoni niliyoiacha juu ya feni ya kadi ili ibaki mpya, kama tunavyoiacha kwenye viti vya sebuleni. Picha sasa inaushinda mdomo wangu. Nilimwomba radhi, nikataka kuichana barua. Alinizuia. Amesema imeandikwa vizuri na lazima ikufikie, na sasa anafunga mizigo. Naona aibu, na naogopa. Nimemwuliza atarudi lini, akasema nimwulize fundi. Basi nakuuliza, Shemeji.