Malalamiko Kuhusu Kamera Ndogo Ambayo Mume Wangu Hajaichagua

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Vifaa vya Kisasa,

Naomba kwanza ukae kitako, maana ninayotaka kukueleza hayasomwi na mtu aliyesimama.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, mapazia, na suruali za wanaume wanaoniambia nipunguze kiuno halafu wanarudi kunilaumu. Mume wangu ni mkaguzi wa mizani. Kazi yake ni kuzunguka madukani kuhakikisha kwamba kilo ya muuza sukari ni kilo kweli. Ni mpole, hanywi, hagombani na mtu. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba akialikwa nyumba ya watu huinuka kunyoosha picha zilizopinda ukutani. Niliishi na kasoro hiyo kwa amani mpaka gazeti lako lilipoingia kwangu.

Nayapanga malalamiko yangu kwa namba ili usije ukaruka hata moja.

1. Kichwa cha habari chako ni cha uongo. Uliandika "Kamera Ndogo kwa Wapenzi Waliobobea", na kwa jinsi mume wangu alivyokuwa amelikunja gazeti, mimi niliona "Wapenzi Waliobobea" peke yake. Nikamtazama anavyosoma. Alikuwa amekunja uso, anarudia mstari, anapigia mstari kwa kalamu. Nikasema moyoni, kumbe bado ananifikiria. Nikaenda kuvaa gauni langu la kijani, nikajipaka mafuta mazuri, nikaja kusimama mbele yake. Akainua macho, akaniambia, "Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Ndugu Mhariri, gauni lile nililishona mwenyewe. Lina vifungo mgongoni. Nani alinifungua? Nilijifungua mwenyewe.

2. Uliandika habari za sensa. Ulisema mnunuzi asidanganyike na umbo, aangalie sensa iliyomo ndani, na kwamba sensa kubwa ndiyo inayofaa. Mume wangu akalibeba neno hilo mpaka kwa mama yake. Mama mkwe ni mtu mzima, masikio yake hayana tatizo, ila yana haraka. Aliposikia kuna sensa kubwa inakuja, aliwapigia simu ndugu wote wa karibu wawe nyumbani siku ya kuhesabiwa. Shangazi wa mume wangu akasafiri na magodoro. Walikaa kwetu wiki nzima wakimsubiri karani wa sensa, na kila nikieleza kwamba ni kidude kilichomo ndani ya kamera, shangazi alikuwa akinijibu kwamba mwanamke asiyetaka kuhesabu wakwe zake ajisemee tu waziwazi.

3. Ulimshauri apige picha mbichi, kisha azipike mwenyewe kwenye kompyuta. Mume wangu hajawahi kupika hata maji ya kuoga. Lakini siku hizi nikimwomba anitazamie sufuria anasema atajifunza kupika kupitia picha, kisha atahamia kwenye vyakula. Nimeunguza maharage mara nyingi kwa kuamini ahadi hiyo.

4. Hili nakuomba ulisome peke yako. Uliandika kwamba kamera nzuri iwe na kidirisha cha kuchungulia, kwa sababu kioo cha nyuma hakionekani vizuri juani. Mume wangu akatoka uani kumpigia simu mwenye duka la kamera, na kwa kuwa mtandao ni mbovu, alikuwa akipiga kelele. Ukuta wetu na wa jirani ni mfupi. Alisema maneno haya, nami niliyasikia nikiwa kwenye cherehani: "Mimi bila kuchungulia siwezi! Nikichungulia ndiyo napata raha yenyewe! Hasa mchana!"

Asubuhi yake jirani alikuja kuagiza mapazia. Alitaka mazito, yasiyopenya kitu, ya madirisha yote, pamoja na la jikoni. Nilipokuwa napima, mkewe alinishika bega, akaniambia nivumilie tu, kila ndoa ina mtihani wake. Nikamwambia kweli, mume wangu amebadilika. Akaanza kulia. Nikalia naye. Nimekuja kugundua baadaye kwamba tulikuwa tunalilia vitu viwili tofauti.

5. Sasa tunakuja kwenye mfuko. Uliandika kwamba kamera isiyoingia mfukoni hubaki nyumbani. Sentensi fupi, uliiandika na ukaenda kula. Mume wangu yeye hakula. Kamera zilizobaki kwenye uteuzi wake zilikuwa nne, hana hata moja, atajuaje itakayoingia? Akachukua miche ya sabuni ya kufulia, akaikata kwa kisu, kila mmoja ukawa na urefu na unene wa kamera yake. Akaniletea suruali zake zote za kazi nizitanue mifuko. Akawa anaenda kazini na sabuni, kulia na kushoto, ili ajizoeze.

Ikanyesha mvua. Yeye alikuwa sokoni, amesimama mbele ya mizani ya muuza vitunguu, anamwonya kwa sauti ya serikali. Povu likaanza mapajani. Likashuka magotini. Kila alivyojifuta ndivyo lilivyozidi. Muuza vitunguu akawaita wenzake waje waone, leo sheria imekuja kuoga. Mume wangu alimaliza ukaguzi wake mpaka mwisho, povu likiwa limefika kwenye viatu, na akaandika kosa la mizani kama kawaida. Kwa hilo namheshimu. Lakini sasa sokoni wananiita Mama Povu, na mimi sikuwepo.

6. Yote hayo ningeyameza. Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni mpishi wa melini. Aliondoka kijana, na mara zote alipoahidi kurudi meli ilikwenda kwingine. Mama mkwe ana picha yake moja tu, ya mtoto asiye na meno ya mbele. Mwezi uliopita akatupigia simu kwamba anakuja. Mama mkwe aliacha alichokuwa anakifanya, akakaa kwenye ngazi, akasema anataka kitu kimoja tu: picha, yeye katikati, mwanawe huku na mwanawe huku.

Mume wangu akaamka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akafuta tatu, ikabaki moja. Akaenda dukani, akalipia, akafungiwa. Nilimwona kwa mbali anarudi, amekumbatia boksi, anatembea kwa madaha. Nikafungua mlango wote. Nikaona amepunguza mwendo. Nikaona amesimama katikati ya barabara, anasoma boksi. Kisha akageuka, akarudi alikotoka.

Mwenye duka alikuwa ameishiwa mifuko. Alilifunga boksi kwa gazeti. Gazeti lako, Ndugu Mhariri. Ukurasa wako. Umeandika kwa herufi nene: "Usinunue Sasa, Toleo Jipya Laja!"

7. Shemeji akafika. Tulilia, tukacheka, alitupikia, tukala. Ndugu wakatoa simu wapige picha, na mume wangu akasimama mbele yao, mikono ameitanua kama polisi wa barabarani. Akasema siku kubwa kama hii isichafuliwe kwa picha za simu, na kwa kuwa ndiye mkubwa, simu zikarudi mifukoni. Halafu akatupanga. Alimpanga mama yake katikati, akamsogeza shemeji kwenye mwanga, mjomba akamweka nyuma kabisa, akamweleza kwamba huko nyuma ndiko kutakakokuwa na ukungu, asijisikie vibaya. Akarudi hatua kadhaa, akatengeneza mraba kwa vidole vyake, akafumba jicho moja, akatuambia tutabasamu.

Tukatabasamu. Akasema "kacha" kwa mdomo.

Mama mkwe akauliza iko wapi. Mume wangu akajigonga kwenye paji la uso, akamwambia, "Humu, mama. Mpangilio nimeshaupata." Mama mkwe akasema, "Haya. Nitolee nakala."

Hakuna aliyecheka. Mume wangu aliingia ndani, akakaa kitandani na viatu. Nilipomfuata aliniambia kwamba amepima vitu vya watu maisha yake yote, na kila alichopima kilikuwa na jibu, hiki peke yake hakina, na anaogopa kumpa mama yake picha isiyotosha. Ndugu Mhariri, mimi nilikuja na maneno yangu makali, nimeyapanga vizuri. Nilikosa pa kuyaweka. Nikamvua viatu.

Ndiyo maana hasira nimeileta kwako. Naomba, kwa heshima zote, yafuatayo:

Kwanza, utangaze kwenye ukurasa wako kwamba kamera zimefika mwisho. Uandike kwamba wahandisi wote duniani wamekubaliana kuacha, wamekabidhi funguo, wamekwenda kulima.

Ikishindikana, uandike kwamba kamera bora ni moja tu, ile aliyoirudisha, na nyingine zote zina sumu.

Na ikishindikana hilo pia, uje wewe mwenyewe ukae kwetu. Chumba cha shangazi sasa kiko wazi. Mume wangu akiamka usiku akauliza kati ya lenzi inayovuta mbali na lenzi inayopenda giza ipi ni bora, utamjibu wewe, mimi nilale. Chakula utapata, ila sufuria utaitazama mwenyewe. Vinginevyo nitamleta yeye huko ofisini kwako, amepigwa pasi, mifuko yake ikiwa imetanuliwa, na utamtunza mpaka teknolojia itakapotulia.

Nadhani nimeeleza kwa upole. Kijana anayechora vibonzo vyenu mpe salamu, anatufurahisha. Dada wa ukurasa wa mapishi mpe salamu nyingi, ushauri wake haujawahi kuleta povu nyumbani kwangu. Wasalimie wapiga chapa, wasambazaji, na mlinzi wa getini. Kama una mke, mpe pole yangu ya dhati, na umwambie cherehani yangu iko wazi akitaka mahali pa kukaa.

Ni mimi, kwa masikitiko yaliyoshonwa mara mbili,

Mke wa Mkaguzi wa Mizani
(Mama Povu)

Baada ya salamu: Naandika nyongeza hii juu ya kaunta ya duka la kamera, kwa kalamu ya mwenye duka. Shemeji anarudi melini kesho, na asubuhi nilipokuwa napeleka barua hii posta nilisema basi, naingia mwenyewe, nachukua ya kwanza itakayogusa mkono wangu, nawapiga picha, yaishe. Nikamwambia mwenye duka sitaki maelezo. Akaniwekea mbili mezani. Nikamuuliza swali moja dogo tu, kwa nini hii ni nzito kuliko ile.

Sasa ni jioni, anateremsha mlango. Mama mkwe na shemeji walikuja na mume wangu kunitafuta, wamekaa kwenye benchi la wateja. Mwenye duka, kwa kuwaonea huruma, amewapiga picha kwa simu yake pamoja na mume wangu, mama katikati, na ameshawachapia. Mama mkwe ameiweka kifuani, anasema imetosha na ni nzuri mno, na shemeji ameomba nakala ya kwenda nayo. Mume wangu amesimama nyuma yangu, ananishika mkono, ananiambia, "Chukua yoyote, mke wangu, twende nyumbani."

Yoyote! Mtu mzima anasema yoyote! Picha yenyewe nimeiona, na shemeji upande wa kushoto hajatulia vizuri, sikio lake limefifia. Ndugu Mhariri, yale niliyoandika hapo juu yaache. Nijibu haraka kwa simu ya duka kabla hawajazima taa: hii nyeusi ina lenzi inayopenda giza lakini haivuti mbali, na hii ya kijivu inavuta mbali lakini haina kidirisha. Na ni kweli kwamba kuna toleo jipya linakuja?