Wanafunzi Wangu Wasiojua Kichina

Jumatatu, 4 Mei 2026

Habari njema! Shule yetu ya lugha, hapa ghorofani mtaa wa Gerezani, Kariakoo, imepata nafasi moja ya mwalimu kwenda China kusoma shahada ya uzamili ya ufundishaji wa lugha na utamaduni wa Kichina. Ada bure, malazi bure. Waombaji wawili: mimi na Zarna. Mimi nimefundisha hapa tangu shule ina ubao mmoja na feni isiyozunguka. Zarna kaja juzi tu, akitokea dukani kwa baba yake.

Ijumaa kila mmoja atafundisha somo la majaribio mbele ya Mwalimu Lin, mama wa Kichina anayesimamia uteuzi. Wanafunzi wawe wapya kabisa, tuwatafute wenyewe. Hapo akili yangu ikawaka! Nitaleta watu wanaojua Kichina tayari, wajifanye hawajui. Mwalimu Lin atawaona wakichanua mbele ya macho yake.

Mke wangu Zulekha kauliza, "Baba Nasra, si ufundishe tu?" Moyo mzuri anao. Mbinu hana.

Jumanne, 5 Mei

Nimewapata. Theophil, muuza vipuri vya magari hapa hapa Gerezani, na Winifrida wa mapazia, Mtaa wa Msimbazi. Wote niliwafundisha mwenyewe miaka ya nyuma, nikipita madukani kwao jioni. Siku hizi wanabishana na Wachina kwenye simu bila mkalimani. Theophil kauliza kama avae suti. Nikamwambia avae ujinga. Winifrida kakubali kabla sijamaliza. Anasema siku zote alitaka kuigiza.

Tumefanya mazoezi. Winifrida safi. Theophil kazidisha. Nimemsalimia kwa Kiswahili, akanitolea macho kama mtu ambaye hajawahi kusikia lugha yoyote.

Jumatano, 6 Mei

Upelelezi. Nimeingia dukani kwa Mzee Vallabhdas, baba yake Zarna, nikijifanya natafuta kitambaa. Shikamoo, marahaba, kaa hapa, chai ya maziwa, sahani ya chevda, ule mchanganyiko wao wa karanga na dengu za kukaanga. Kumpeleleza mtu anayekukarimu hivi ni kazi ngumu sana. Hata hivyo sahani nimeimaliza.

Zarna kanikuta nimeinama nyuma ya majora, nikisikiliza anavyofanya mazoezi. Hakukasirika! Akasema, kwa adabu inayoudhi, "Kaka Bakili, sauti yako ya tatu ya Kichina bado. Inatakiwa ishuke kwanza, halafu ipande. Yako imenyooka." Nikamjibu kwamba kwetu Tandahimba mtu aliyenyooka anasifiwa.

Nimetoka na kitambaa ambacho sikukihitaji. Zulekha kakipenda.

Ijumaa, 8 Mei

Lo!

Zarna alitangulia. Aliwafundisha shangazi zake kuagiza chai kwa Kichina. Wakakosea, wakacheka, wakapatia. Kitu cha kawaida tu. (Kizuri, kusema kweli.)

Zamu yangu. Nikaandika ubaoni, nikatamka "ni hao", yaani "hujambo" ya Kichina, nikawataka warudie. Theophil alijikwaa kwa ustadi mkubwa. Jasho lilimtoka. Winifrida alichanua haraka kuliko tulivyokubaliana. Alijibu swali ambalo nilikuwa bado sijauliza. Mwalimu Lin, kule nyuma, akaweka kalamu chini. Nikadhani amevutiwa.

Akasimama. Akasema kwa Kichina, mbio mbio, kwamba ofisini kuna maandazi ya mvuke yenye kuku ndani, bado ya moto, na mwenye njaa aende.

Theophil alifika mlangoni wa kwanza. Winifrida alikuwa mgongoni kwake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaweka chaki chini.

Mwalimu Lin akawauliza, sasa kwa Kiswahili, nani aliyewafundisha. Nikaangalia feni. Winifrida akanionyesha kidole: "Si huyu huyu! Nilikuwa sijui hata moja, mbili. Alikuja dukani kwangu mpaka nikajua."

Mwalimu Lin akanigeukia. "Mwalimu Bakili, kwa nini unaficha wanafunzi wazuri namna hii?"

Nilitamani sakafu ipasuke nidondoke kwa fundi cherehani wa chini. Lakini maandazi yalikuwepo kweli. Nilikula mawili. Ya Theophil hayakuhesabika.

Jumatatu, 11 Mei

Nafasi kapewa Zarna. Nimempongeza, na nimeshangaa kuona pongezi zinatoka rohoni. Mzee Vallabhdas kaleta peremende shule nzima, kanishika mkono muda mrefu.

Kisha Mwalimu Lin kaniita. Nikajua nafukuzwa. Kumbe! Kamwandikia profesa wa chuo cha kule China habari za mwalimu wa Kariakoo anayefundisha wafanyabiashara madukani mwao. Profesa kavutiwa. Huenda ikapatikana nafasi ya pili. Ijumaa atanihoji kwa video. Mwalimu Lin kanisisitizia: "Sema ukweli tu. Ukweli wako unatosha."

Zulekha kapika pilau. Nimemwahidi kwamba mambo ya mbinu basi. Nalala mtu mpya.

Jumanne, 12 Mei

Profesa kaandika. Anauliza kama nina pia kikundi cha utamaduni, watu wazima wanaoimba nyimbo za Kichina. Ukweli unatosha. Nikajibu ukweli: kwamba ninacho, ni kikubwa, na kina sare.

Sare zipo kweli! Kina mama wa kikundi cha Zulekha wana vitenge vya aina moja, wamependeza kupita maelezo. Ijumaa watasimama nyuma yangu wakitikisa midomo, wimbo utatoka kwenye spika chini ya meza. Zulekha bado sijamwambia.

Kosa la wiki iliyopita nimeliona wazi. Wanafunzi walikuwa wanajua Kichina. Hawa hawajui hata neno moja. Watagundulikaje?